Pilipili: Ukali Wake, Ladha Yake na Badali Zake

Mwenye mikarafuu hahitaji kuambiwa kuwa mkarafuu hauzai sawasawa kila mwaka. Mwaka mmoja majamvi hayatoshi na wachumaji hawapatikani. Mwaka wa pili mtu huzunguka shamba zima akarudi na pakacha moja. Katika miaka hiyo ya uchache ndipo watu wanapokumbuka mazao mengine, na mojawapo ni pilipili. Visiwa vyetu si vigeni katika biashara hiyo. Zamani pilipili za Unguja zilijulikana katika soko la London kwa jina lao wenyewe, "Zanzibar", zikitengwa na za Mombasa, za Sierra Leone na za Nyasaland, ambayo leo ni Malawi. Nyingi zilitoka katika ardhi ya mawe ya kusini na mashariki ya Unguja, ambako mkarafuu haukubali.

Leo hatukusudii kusema habari za kupanda. Tumeona yafaa tueleze pilipili yenyewe ni kitu gani, maana wanachama wengi wanaipanda, wanaila kila siku na kuiuza, na bado wanaihesabu kwa neno moja tu: kali, au si kali. Neno hilo halitoshi. Katika pilipili mna bidhaa mbili zilizofungwa katika ganda moja, nazo ni ukali na ladha. Mnunuzi mmoja ataka hiki na mwingine ataka kile. Asiyejua anauza kipi hupangiwa bei na mwenziwe anayejua.

Kwanza tupatane juu ya majina, kwa kuwa hapo ndipo hasara ya kwanza huanzia. Pilipili kichaa ni ile ndogo, nyembamba, ielekeayo juu mtini, nyekundu inapowiva. Pilipili mbuzi ni ile nene yenye mikunjo, ya manjano au nyekundu, inayonukia mtu akiikata. Pilipili boga ni ile kubwa yenye nafasi ndani, isiyowasha kabisa. Sasa liko neno hoho. Wazee wetu walipotaja pilipili hoho walikuwa na maana ya pilipili nyekundu inayowasha, ili kuitofautisha na pilipili manga, na wako wengi hapa visiwani wanaosema hivyo mpaka leo. Lakini Dar es Salaam na bara nzima, hoho ni lile boga lisilowasha. Mtu wa huko akipiga simu akaagiza magunia kumi ya hoho, nawe ukampelekea pilipili za kuwasha, hapana kadhi atakayeweza kuwaamua, maana kila mmoja amesema kweli kwa lugha ya kwao. Yafaa kuuliza, "Inayowasha au isiyowasha?" kabla gunia halijashonwa.

Na pilipili manga si jamaa wa hizi hata kidogo. Mpilipili manga ni mmea utambaao, ndugu wa mtambuu ambao majani yake twayajua. Ulitoka pwani ya Malabar huko Bara Hindi, ukaletwa na majahazi ya Manga, na ndiyo sababu ya jina lake. Mipilipili yetu ya kuwasha ni jamaa ya mnyanya, mbilingani na kiazi cha kizungu, na asili yake ni Amerika. Kabla ya safari ya Columbus ya mwaka 1492 hapakuwa na mtu wa Afrika, Bara Hindi wala Ulaya aliyepata kuionja. Wareno ndio waliozitawanya mbegu zake katika bandari za Bahari ya Hindi. Wapishi wa pwani wakaipokea, wakaipa jina la ile waliyokuwa nayo tangu zamani, na leo tumesahau kuwa ni mgeni. Hata piri-piri inayotajwa katika mikahawa ya Wareno na ya Afrika ya Kusini ni ndugu wa neno letu.

Ukali

Ukali wa pilipili watokana na kitu kimoja kiitwacho kapsaisini, pamoja na wenzake wachache wanaofanana naye. Kitu hiki si ladha. Ulimi hujua tamu, chumvi, chachu, chungu na ule utamu wa mchuzi wa nyama. Kapsaisini haigusi hata kimoja cha hivyo. Hugusa mishipa inayopeleka habari za kuungua. Ushahidi tunao jikoni: mkono hauonji sukari wala chumvi, lakini aliyekata pilipili mbuzi bila ya kujipaka mafuta hukesha akipuliza vidole.

Mwaka 1997 mtaalamu David Julius na wenzake huko California waliukuta mlango wenyewe katika mishipa hiyo, ule unaofunguliwa na kapsaisini. Ikaonekana kuwa mlango huo huo hufunguka kwa joto lipatalo nyuzi 43, yaani joto linaloanza kuumiza. Basi pilipili haiunguzi ulimi. Huudanganya ulimi kuwa unaungua. Kwa kazi hiyo alipata nishani ya Nobel mwaka 2021, pamoja na Ardem Patapoutian. Sasa twaelewa kwa nini kahawa ambayo wakati mwingine yanyweka vizuri haivumiliki baada ya mchuzi mkali: mlango umekwisha kulegezwa, na joto dogo laufungua.

Ndege hawana shida hii. Mlango wao hausikii kapsaisini, kwa hiyo hula pilipili kichaa kama sisi tulavyo zabibu, na mbegu hupita matumboni mwao zikiwa nzima. Ndiyo maana mipilipili huota yenyewe chini ya miti wanayolala ndege, mahali ambapo hakuna aliyepanda. Panya na wanyama wengine watafunao mbegu huungua, wakaiacha. Mtu peke yake ndiye mnyama anayeungua na kuongeza.

Ukali umekaa wapi? Wengi husema katika mbegu, na kusema kweli si hivyo. Umekaa katika ile nyama nyeupe iliyoshika mbegu na katika mishipa myeupe iliyoteremka ubavuni mwa ganda. Mbegu huwasha kwa sababu zimegusana na nyama hiyo. Mpishi anayezitoa mbegu akaiacha ile nyama nyeupe amepoteza wakati wake.

Kipimo cha ukali kilianzishwa na mfamasia wa Marekani, Wilbur Scoville, mwaka 1912. Alitia dawa ya pilipili katika maji ya sukari, akaendelea kuyazidisha maji mpaka waonjaji wake hawakusikia tena muwasho. Hesabu ya mara alizozidisha ndiyo ukali wake. Siku hizi kazi hiyo hufanywa na mashine, ambayo haichoki kama ulimi, lakini jina la Scoville limebaki. Pilipili boga ina 0. Zile nyekundu ndefu za kukausha zina kama 30,000 hadi 50,000. Pilipili kichaa ina 50,000 hadi 100,000, na nyingine huzidi hapo. Pilipili mbuzi na jamaa zake huanzia 100,000 na huweza kufika 350,000. Kapsaisini safi isiyochanganywa na kitu ni 16,000,000. Wako watu huko Marekani ambao kazi yao ni kuzalisha pilipili za kushindania tu. Iliyoshika nafasi ya kwanza mwaka 2023 ilipimwa kuwa zaidi ya 2,690,000. Sisi twaona huo ni mchezo. Hakuna nyumba itakayonunua gunia la kitu kama hicho.

Wanachama watazame jinsi nambari hizi zilivyopanuka. Hazipanuki kwa sababu ya uvivu wa wapimaji. Mpilipili mmoja, mbegu moja, hutoa ukali mbalimbali kwa kadiri ya jua, maji na umri wa tunda. Mti uliopata kiu kidogo aghalabu huzaa pilipili kali zaidi kuliko mti ulionyweshwa kila siku, ingawa huzaa chache. Tunda changa bado halijakusanya ukali wake wote. Hukusanya kadiri linavyokomaa, mpaka kukaribia kuwiva. Anayechuma kijani ili awahi soko anauza pilipili ambayo haijamaliza kutengenezwa.

Jamaa ya karafuu

Hapa pana jambo ambalo mkulima wa karafuu atapenda kulijua. Mafuta ya karafuu sehemu yake kubwa ni eujenoli. Vanila hupata harufu yake kwa vanilini. Tangawizi mbichi huwasha kwa jinjeroli. Wataalamu walipovichungua vitu hivi vitatu pamoja na kapsaisini ya pilipili waliona kuwa vyote vina kichwa kimoja. Kinachovitenga ni mikia. Kwa hiyo karafuu, vanila, tangawizi na pilipili, ingawa miti yao haifanani hata kidogo, ni ukoo mmoja kwa kile kilichomo ndani. Pilipili manga, tunayoiita pilipili, haimo katika ukoo huo. Kitu chake ni piperini, nacho kichwa chake ni kingine.

Mikia hiyo yaeleza mengi. Eujenoli ina mkia mfupi, ni nyepesi, huruka hewani, na kwa hiyo mtu hujua yuko karibu na sakafu ya karafuu kabla hajaiona. Kapsaisini ina mkia mrefu na mzito. Hairuki, na ikiwa safi haina harufu yoyote. Tafadhali msomaji aliweke neno hili moyoni, maana somo letu lote limesimama juu yake: kile kinachowasha katika pilipili hakinukii, na kile kinachonukia hakiwashi.

Anayetafuna karafuu kwa sababu ya jino husikia ulimi ukichoma kidogo, kisha ukafa ganzi. Pilipili hufanya mfano wa hayo. Mshipa ukichomwa sana huchoka, ukaacha kupeleka habari za maumivu, na kwa sababu hiyo kapsaisini hutiwa katika dawa za kupaka za viungo na katika viraka vya kubandika penye maumivu ya mishipa. Eujenoli nayo haijatoka katika dawa za meno.

Ladha

Ladha ya pilipili, basi, yatokana na mafuta mengine mepesi, machache sana, ambayo kila aina inayo yake. Pilipili mbuzi ina harufu ya matunda. Wengine huisikia kama embe linaloanza kuwiva. Boga bichi lanukia majani, na harufu hiyo ina nguvu kiasi cha kwamba tone moja lingetosha kunukiza bwawa la maji. Likiwiva likawa jekundu, harufu ya majani hupungua na utamu huja. Kichaa ina harufu kidogo tu. Kazi yake ni ukali, nao huja upesi na kwa ncha, kama sindano.

Yanayofuata ni hesabu rahisi. Ukikausha pilipili kichaa juani, ukali hubaki, kwa kuwa hauruki. Ulichopoteza ni harufu, nayo ilikuwa kidogo. Kwa hiyo kichaa ni mali ya kukausha. Ukikausha mbuzi, ukali hubaki lakini ile harufu ya matunda, ambayo ndiyo iliyokuwa bei yake, sehemu kubwa huenda na upepo. Mbuzi ni mali ya kuuzwa mbichi, au ya kusagwa na siki na chumvi siku ile ile iliyochumwa. Mwenye kuianika mbuzi kwa sababu imekosa mteja sokoni asistaajabu akipewa bei ya chini. Mnunuzi wa pilipili kavu hulipa ukali, na huo angeweza kuupata katika kichaa kwa taabu ndogo zaidi ya kukausha, maana ganda la mbuzi ni nene na huvunda upesi.

Jikoni ni hivyo hivyo. Mama zetu hutia pilipili mbuzi nzima, haikupasuliwa, juu ya mchuzi wa nazi au maharage, wakaitoa kabla ya kupakua. Harufu imetoka, ukali umebaki ndani ya ganda. Hawakusoma kemia, lakini walikwisha kutenga vitu viwili hivi kwa kijiko. Aliyepewa kazi ya kukoroga akaipasua, hapo ndipo mgeni hula chozi likimtoka na huku akisifu.

Badali

Tumefika kwenye swali ambalo huulizwa sana: pilipili fulani ikikosekana, itiwe nini? Jawabu latoka katika yale tuliyokwisha sema. Kwanza jiulize pilipili ile ilikuwa na kazi gani katika chungu: kuwasha, kunukia, au kutia rangi. Badali ya kazi moja si badali ya nyingine.

Ikiwa kazi ilikuwa kuwasha tu, kama katika achari ya ndimu au ya embe, aina yoyote inayowasha yafaa, mradi kipimo kibadilike. Kichaa zikikosekana, tia zile ndefu za kukausha, nyingi zaidi. Mbuzi nayo itawasha, lakini achari yako itanukia mbuzi, na wako wasiopenda. Usihesabu kwa idadi. Mbuzi moja ina uzito wa kichaa nyingi, na kwa uzito ule ule yaweza kuwa kali mara mbili au tatu. Anza na kidogo, onja, ongeza. Iliyokwisha ingia chunguni haitoki. Ikizidi, ongeza tui zito, kwa kuwa kapsaisini huyeyuka katika mafuta. Maji huitembeza tu mdomoni, na kwa hiyo mwenye kuungua apewe maziwa au mtindi, ambavyo vina kitu cha kuibeba na kuiondoa.

Ikiwa kazi ilikuwa harufu ya mbuzi, sisi twasema wazi kuwa badali kamili hakuna. Kichaa pamoja na kipande kidogo cha ganda la ndimu huleta uchangamfu, na mchuzi huwa mzuri, lakini huwa mchuzi mwingine. Boga bichi likitiwa pamoja na kichaa halisaidii. Huleta harufu ya majani mahali palipotakiwa harufu ya tunda. Kwa anayeitaka harufu ya mbuzi bila ya ukali wake, mathalan mgonjwa wa tumbo au mtoto, dawa ni kuitoa ile nyama nyeupe yote, au kuitia nzima kama tulivyosema.

Unga wa pilipili badala ya pilipili mbichi: ukali utaupata, harufu hutaipata. Unga utiwe mapema, wakati wa kukaanga kitunguu, ili mafuta yauchukue, ila moto uwe mdogo, maana unga ukiungua huwa mchungu na jikoni hapakaliki kwa kikohozi. Pilipili mbichi ya kunukia itiwe mwisho.

Pilipili manga huwasha kwa kugonga mlango ule ule, lakini mkono wake ni dhaifu. Piperini safi yahesabiwa kuwa kiasi cha 100,000 tu katika kipimo kile ambacho kapsaisini ina 16,000,000. Kabla ya pilipili za Amerika kufika, hiyo pamoja na tangawizi ndizo zilizokuwa zikiwasha vyakula vya pwani, na pilau imeikumbuka zamani hiyo mpaka leo. Ukali wa pilau ni wa manga, nao hukaa vizuri na karafuu, hiliki na mdalasini. Mtu aliyekosa manga akatia kichaa chunguni hajapika pilau. Kichaa iende kwenye kachumbari, pembeni, kila mtu ajichagulie adhabu yake.

Tangawizi ni badali njema kwa asiyeweza pilipili. Ijulikane tu kuwa tangawizi kavu ni kali kuliko mbichi, maana jinjeroli katika kukauka hugeuka kuwa kitu kingine kinachowasha zaidi, na kuwa ikipikwa sana hupoa na kuwa tamu. Haradali huwasha kwa njia nyingine kabisa. Muwasho wake huruka, hupanda puani, humtoa mtu machozi mara moja, kisha hutoweka, haukai ulimini. Kwa hiyo haiwezi kushika mahali pa pilipili katika mchuzi uliochemka, kwa sababu mpaka mchuzi ukiwa tayari umekwisha kuruka.

Na kazi ikiwa rangi tu, boga jekundu lililokaushwa na kusagwa latosha, nalo haliwashi.

Badali isiyo halali

Kuna kubadilisha kwa namna nyingine, kunakofanywa gizani. Tuchukue mfano wa mtu aliyepata agizo la kichaa kavu, zikapungua kilo chache, akajaliza gunia kwa zile ndefu au kwa kijani zilizokaushwa. Kwa macho ya upesi zaelekea kufanana. Lakini mnunuzi wa kiwanda haangalii, hupima. Hutwaa sampuli, huitia katika mashine, na nambari itokayo ni ya gunia zima. Kilo chache dhaifu zimeshusha bei ya kilo zote nzuri, za kwake na za jirani aliyeuza naye pamoja. Kuuza kichaa kilo arubaini zilizo safi kuna faida kuliko hamsini zilizochanganywa.

Ubaya zaidi ni wa kutia rangi. Mwaka 2005, huko Uingereza, zaidi ya aina 400 za vyakula ziliondolewa madukani kwa sababu ya unga wa pilipili uliotiwa Sudan I, rangi ya kutilia nta na mafuta, isiyoruhusiwa katika chakula kwa kuwa inaogopwa kuleta saratani. Unga wenyewe ulikuwa kidogo, umeingia katika sosi moja, na sosi hiyo imeingia katika vyakula mamia. Tangu mambo hayo, unga wa pilipili hutazamwa kwa jicho la shaka katika bandari za Ulaya, na mnunuzi mwenye akili hupenda kununua pilipili nzima ambayo aweza kuiona. Anayefikiri kuwa kusaga kutamwongezea bei alifikiri jambo hili kwanza.

Na kuna adui asiyetiwa na mtu, naye ni ukungu. Pilipili iliyolundikwa usiku ikiwa na unyevu, au iliyoanikwa juu ya udongo, huota ukungu ambao huacha sumukuvu. Sumu hii haionekani, haitoki kwa kupikwa wala kwa kusagwa, na hudhuru ini. Nchi za Umoja wa Ulaya haziruhusu zaidi ya mikrogramu 5 za aina yake ya B1 katika kilo moja ya pilipili kavu, wala zaidi ya 10 kwa aina zote pamoja; na mikrogramu ni sehemu moja ya gramu iliyogawanywa mara milioni. Isidhaniwe kuwa ni masharti ya watu wa mbali tu, maana mwaka 2016 mahindi yenye sumu hiyo hiyo yaliua watu Dodoma na Manyara.

Basi pilipili ichumwe nyekundu, siku kavu, itandazwe juu ya chanja iliyoinuliwa, ifunikwe mvua ikitisha, isitiwe guniani mpaka ikitikiswa mbegu zisikike zikicheza ndani. Unyevu uwe kiasi cha 10 au 11 kwa mia. Jamvi la karafuu lisitumiwe kwa pilipili, wala la pilipili kwa karafuu. Karafuu huachia harufu yake kila inapolala, na pilipili huachia vumbi lake. Mnunuzi wa karafuu atakayepiga chafya juu ya sampuli yako hatakuuliza sababu. Kuhusu vikonyo, wako wanunuzi wanaovitaka viachwe na wako wanaotaka vitolewe. Ulizeni kabla ya kuchuma.

Limebaki jambo la mbegu. Baadhi ya watu husema kuwa boga likipandwa karibu na kichaa hugeuka likawasha mwaka ule ule. Halitokei, kwa kuwa ile nyama nyeupe ni ya mti mama, na mti mama haujabadilika. Lakini nyuki huchanganya maua, na mbegu zilizomo ndani ya tunda lile zimekwisha kuchanganyika. Ukizipanda mwaka ujao ndipo utakapoona kichaa zilizopungua ukali na boga linalowasha, kila mti na tabia yake. Pilipili zetu nyingi zinazosemekana kuwa "zimepoa" zimepoa kwa njia hii, kwa kuweka mbegu kutoka kitalu kilichochanganywa. Mwenye kutaka mbegu achague miti michache iliyo bora, ya aina moja, iliyo mbali na nyingine, au ayafunike maua kwa kitambaa chepesi kabla hayajafunguka. Ua la mpilipili laweza kujizalisha lenyewe. Kisha aandike jina la aina juu ya kifurushi, na mwaka.

Wanaochuma na kuchambua wapewe mafuta ya nazi ya kupaka mikononi kabla ya kazi. Baada ya kazi wajipake tena, wafute, ndipo wanawe kwa sabuni. Maji peke yake hayaitoi. Jicho likiingia pilipili lisisuguliwe, lioshwe kwa maji safi mengi kwa dakika kumi na tano, na mkono unaoliosha uwe umekwisha noshwa kwanza.